Mlango wa Stoo

Karakana ya Milango na Mageti
3 Machi

Kwa Msimamizi, Nyumba ya Kurekebisha Watoto

Bwana Msimamizi,

Mimi ni shangazi wa yule msichana wa miaka kumi na tano uliye naye hapo, mwembamba, mwenye maswali mengi. Nyumbani tunamwita Bisibisi. Mimi pia ndiye fundi niliyekutengenezea mlango wa stoo, kwa hiyo tunajuana, ingawa siku ile ulikuwa na haraka.

Unajua alivyofika kwako. Nilimtuma apeleke tindo, koleo na msumeno kwa mteja, akapita nyuma ya benki. Askari akamuuliza vyombo hivyo ni vya nini, naye akasema ukweli: "Vya kufungulia milango." Akapandishwa gari. Hakimu alipoelezwa alicheka, nilimwona kwa macho yangu, akasema mtoto arudi nyumbani mara tu Msimamizi atakapoandika ripoti ya mwenendo wake. Ukurasa mmoja.

Hii ni wiki ya saba. Kwa wiki saba mimi natengeneza mageti mawili, madirisha kumi na moja na ngazi ya chuma, na mteja akilalamika narudia bila kununa. Wewe ukurasa mmoja umekushinda? Kama tatizo ni kalamu, nitaleta.

Wako mwenye mtoto,
Fundi wa milango

Nimesahau: ufunguo wa akiba wa mlango wa stoo bado ninao, unaning'inia kwenye msumari hapa karakana. Njoo uchukue. Mlango ule ukisukumwa unajifunga wenyewe, na ndani hauna mshikio, kwa sababu uliniambia ni stoo ya magunia, na gunia halina safari. Ufunguo mmoja hautoshi.


Nyumba ya Kurekebisha Watoto
9 Machi

Bibi Fundi,

YAH: RIPOTI YA MWENENDO WA MTOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Napenda kukujulisha kwamba ripoti ya mtoto husika inaendelea kuandaliwa. Mwenendo wake ni mzuri kiasi kwamba hauwezi kuelezwa kwa haraka.

Aidha, Tume ya Serikali ya Uchunguzi wa Mahabusu za Watoto na Ulinzi wa Mtoto itaitembelea nyumba hii tarehe 16 Aprili. Mtoto husika anazungumza vizuri, ana meno yote, na ameteuliwa kuwa mwongozaji wa wageni. Kumwachia kabla ya tarehe hiyo kutavuruga maandalizi.

Kuhusu ufunguo, ofisi hii haijawahi kuuomba kimaandishi. Kwa hiyo, kiofisi, haupo.

Nakutakia kazi njema,
Msimamizi


Nyumba ya Kurekebisha Watoto
12 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima kabisa. Neno "kabisa" nimeongezewa na Msimamizi. Yeye husoma barua zetu zote kabla hazijatoka, ili atusaidie tahajia.

Nyumba imependeza. Ukuta wa mbele umepakwa rangi, wa nyuma unajitegemea. Yameletwa maua kwenye vyungu, na tumeombwa tusiyanuse mpaka Tume ipite. Kuna maktaba pia. Vitabu ni vizuri mno, ndiyo maana hatuvigusi.

Mimi ndiye nitakayewatembeza wageni. Nimepewa hotuba ya kukariri. Nikifika kwenye neno "upendo" natakiwa kutabasamu. Juzi kwenye mazoezi nilitabasamu mapema, kwenye neno "nidhamu", basi nikapewa nafasi ya kupumzika katika chumba cha utulivu, peke yangu, kuanzia Jumatatu hadi Jumanne. Ni pakimya sana. Wengi wetu tumeshapumzika humo. Yule mdogo wa bweni la pili, anayelowesha kitanda, alipumzika zaidi yangu, na tangu atoke haongei na mtu. Ametulia kweli.

Mlango wa chumba hicho ungekufurahisha, Shangazi. Ni wa chuma, una tundu chini. Ukipata nafasi ufikirie.

Mwanao,
Bisibisi


Karakana
15 Machi

Bisibisi wangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mteja.

Sasa mwanangu, mimi nakonda kwa mawazo, kumbe wewe umepewa chumba peke yako! Tangu nizaliwe sijawahi kupewa chumba cha utulivu. Nililala na dada zangu wanne, nikaolewa na mwanaume anayekoroma, na sasa jirani yangu ni kinu cha kusaga. Pumzika, mama. Mtihani wako uko karibu, pakimya hapo soma.

Ila huyo fundi aliyeweka tundu chini ya mlango wa chumba cha kulala ni kanjanja. Panya watapita. Kuna watu wanaiharibu kazi hii.

Huyo mdogo asiyeongea mwache, wengine ndivyo walivyo. Baba yako alianza kuongea akiwa na miaka minne, na hadi leo hajasema la maana.

Nimeiandikia Tume kuhusu ripoti yako. Wametangaza wanapokea maoni ya wananchi. Mimi ni mwananchi na maoni ninayo.

Shangazi


Ofisi ya Tume
26 Machi

Ndugu Mwananchi,

YAH: MAONI YAKO

Tume inakiri kupokea barua yako ya kurasa tisa na inakushukuru kwa moyo wako wa kizalendo. Tunapenda kukukumbusha kwamba maoni yasizidi kurasa mbili.

Kwa kuwa umejitambulisha kama fundi wa milango, maoni yako yamewekwa chini ya kichwa "Miundombinu", ambacho kitajadiliwa mwishoni endapo muda utaruhusu.

Hoja kwamba "hakimu ameshasema, sasa mnasubiri malaika?" imeeleweka, lakini haiko katika hadidu za rejea.

Katibu wa Tume


Nyumba ya Kurekebisha Watoto
30 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba umefurahi. Naona sikueleza vizuri.

Chumba cha utulivu hakina kitanda. Hakina dirisha. Ndani hamna mshikio wa mlango, ni bati tupu. Kuna ndoo. Chakula kinapita kwenye lile tundu la chini, ambalo wala si kazi ya kanjanja: limekatwa kwa ustadi, kingo zimepigwa msasa, kama vile mtu alitaka hewa iingie ili kitu kisiote ukungu. Nililala chini nikitazama bawaba. Chini ya bawaba ya juu kuna nukta tatu za kuchomelea zilizopangwa mstari.

Tahajia ya barua hii Msimamizi ameipitia na ameridhika. Amesema amependa ninavyoyasifu majengo.

Mwanao,
Bisibisi


Karakana
2 Aprili

Msimamizi,

Nukta tatu chini ya bawaba ya juu ni zangu. Kila mlango ninaoutengeneza naziweka, kama wengine wanavyotia saini. Uliniambia stoo. Ulisimama hapa kwenye vyuma vyangu ukasema, "Mama, ni magunia tu, tunataka yasiibiwe." Nikakata tundu ili magunia yapumue. Mshikio wa ndani sikuuweka. Mlango ule nilijivunia!

Umemfungia mwanangu kwa mlango wangu mwenyewe.

Nataka mtoto, na nataka mlango.

Fundi


Nyumba ya Kurekebisha Watoto
5 Aprili

Bibi,

YAH: LUGHA ISIYOFAA

Chumba husika kiliombwa kama stoo kwa sababu bajeti ya stoo ndiyo iliyokuwepo. Matumizi yamebadilika kulingana na mahitaji. Kwa sasa kimeachwa wazi kinapakwa rangi ya samawati, ambayo kitaalamu hutuliza akili, na kitakuwa kilele cha ziara ya Tume.

Kutokana na barua yako, mlinzi wa geti amepewa maagizo kwa maandishi kwamba mwanamke wa milango asiingie bila kibali changu kilichotiwa saini.

Msimamizi


Karakana
7 Aprili

Kwa Tume,

Safari hii ni nusu ukurasa, msije mkasema.

Tarehe 16 mtaonyeshwa chumba cha samawati. Mlango wake niliutengeneza mimi kwa ajili ya magunia. Ukisukumwa unajifunga. Ndani haufunguki, hata uwe na digrii ngapi. Mkiingia, mmoja wenu abaki nje ameushika. Ufunguo wa akiba uko kwangu. Nitakuwa nje ya geti siku hiyo tangu asubuhi, kwa sababu mtoto wangu yumo ndani na ruhusa ya kuingia sina.

Fundi wa milango


Ofisi ya Tume
13 Aprili

Ndugu Mwananchi,

Maoni yako ya ziada yamepokelewa na kuwekwa chini ya "Miundombinu".

Katibu wa Tume


Nyuma ya ratiba ya ziara
16 Aprili, kabla ya mchana

Kwa Yeyote Mwenye Ufunguo,

Tume imo ndani ya chumba cha utulivu. Msimamizi aliomba kuufunga mlango kidogo ili tuusikie utulivu. Tumeusikia.

Ufunguo alionao Msimamizi umo katika koti lake la kazi. Koti la kazi liko kwa dobi, kwa kuwa leo amevaa jipya. Dobi, tunaambiwa kupitia tundu, amefunga duka na hajulikani alipo. Simu zetu ziko getini kwa mujibu wa kanuni za nyumba. Watumishi walioko nje wanasema kuvunja mlango wa serikali kunahitaji idhini, na anayetoa idhini yumo humu, naye hataki uvunjwe kwa sababu umeshaingizwa katika orodha ya mali.

Waliomo: Mwenyekiti, wajumbe wawili, Msimamizi, mtoto mwongozaji na mimi. Rangi haijakauka, mkono wa mwisho umepakwa leo asubuhi. Mwenyekiti aliegemea ukuta kabla hajajulishwa. Sasa amekalia ndoo iliyogeuzwa.

Mtoto anasema shangazi yake hutunza ufunguo wa akiba wa kila mlango, na watumishi wanasema yuko nje ya geti. Nakumbuka kulisoma jambo hili mahali fulani.

Kwa haraka tafadhali,
Katibu wa Tume


Getini
16 Aprili

Kwa Tume, kupitia tundu la hewa la magunia

Ulilisoma chini ya "Miundombinu".

Ufunguo uko mkononi. Mlinzi ananionyesha karatasi ya Msimamizi: mwanamke wa milango asiingie bila kibali kilichotiwa saini. Mlinzi ni mtu mwema lakini kibarua anakipenda. Amejitolea kuuleta ufunguo yeye. Nimekataa. Kitasa kile hakijawahi kuonja ufunguo huu, na kinataka mkono unaokijua. Asiyejua akiulazimisha utakatikia ndani, na hapo mtatulia hadi Pasaka nyingine. Kama mnahisi nina sababu ya pili ya kutaka kuingia mwenyewe, mmehisi vizuri.

Leteni kibali. Na mwambieni Bisibisi shangazi yake yuko hapa.

Fundi


Chumba cha utulivu
16 Aprili

KIBALI

Mwanamke wa milango aruhusiwe kuingia.

Aidha, ofisi hii inaomba rasmi, kimaandishi, ufunguo wa akiba.

Msimamizi

(Doa la samawati hapo juu si muhuri. Ni kidole.)


Mlangoni, upande wa nje
16 Aprili

Bwana Msimamizi,

Nimeingia. Nimesimama mbele ya mlango wangu. Bawaba ziko imara, sina wasiwasi nazo.

Ombi lako la ufunguo nimelipokea na linaendelea kushughulikiwa. Maadam kalamu unayo na kazi nyingine humo ndani huna, nakukumbusha ile ripoti. Ukurasa mmoja. Sisemi kwamba sitafungua usipoandika. Mwanangu yumo humo, nitafungua. Nasema tu kwamba kabla ya kufungua napaka grisi, na grisi mimi huwa napaka pole pole.

Fundi


Chumba cha utulivu
16 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua hii haikusomwa na Msimamizi. Alinyoosha mkono, Mwenyekiti akamwambia, "Wewe kaa."

Shangazi, usifungue kwanza.

Hotuba nimeisoma yote, na kwenye "upendo" nilitabasamu. Hakuna aliyepiga makofi, walikuwa wanautazama mlango. Halafu mjumbe mmoja mama mtu mzima akaniuliza, mwanangu, mtu akibanwa humu ndani anafanyaje? Nikamwonyesha ndoo. Mwenyekiti akasimama haraka sana.

Basi kuanzia hapo wakaanza kuuliza maswali ambayo hayapo kwenye ratiba. Nani analetwa humu. Kwa kosa gani. Taa inazimwa na nani. Nimewaambia kuhusu kutabasamu. Nimewaambia kuhusu mdogo wa bweni la pili, kwamba alikuwa akiongea hadi analala. Mjumbe yule mwingine, aliyekuwa anasinzia kwenye maktaba, ameniuliza mtoto huyo analala kitanda cha ngapi, akarudia kwa sauti ili asisahau. Katibu amemaliza karatasi zake, anaandika nyuma ya hotuba yangu.

Wakitoka wataletewa chai na watapelekwa kwenye maua. Nawajua wageni. Tupe muda. Mimi humu nimeshazoea, na leo tuko wengi.

Bisibisi


Mlangoni
16 Aprili

Bisibisi,

Nimekaa chini. Mgongo wangu uko kwenye mlango, ukiegemea huko upande wako tutakuwa tumeegemeana. Angalia rangi tu.

Grisi naendelea kupaka.

Mkimaliza, gonga mara tatu. Ugonge wewe, si wao.

Nipo.

Shangazi


Chumba cha utulivu
16 Aprili, alasiri

RIPOTI YA MWENENDO

Mtoto huyu ana mwenendo mzuri na anafaa kurudi nyumbani leo.

Msimamizi

Nimeshuhudia. Imeandikwa sakafuni, kwa kuwa meza hakuna. Naongeza kwamba mtoto angefaa kurudi nyumbani wiki kumi na tatu zilizopita, na kwamba Msimamizi alijaribu kuandika kurasa tatu, nikamzuia.

Mwenyekiti wa Tume


Ofisi ya Tume
4 Mei

Kwa Fundi wa milango

YAH: KIELELEZO NAMBA MOJA

Mheshimiwa Fundi,

Tume imeagiza mlango wa chumba cha utulivu ung'olewe na uhifadhiwe kama kielelezo hadi ripoti yetu itakapowasilishwa. Msimamizi amepangiwa kazi nyingine, mbali na watoto, katika idara ya maghala. Tunaelewa ana uzoefu na stoo.

Tunaomba uung'oe wewe na uutunze katika karakana yako. Tafadhali usibadilishe kitu chochote kwenye mlango huo.

Barua zako zote zimeondolewa kwenye "Miundombinu". Mwenyekiti amenielekeza nizisome upya, kwa sauti, mbele ya wajumbe. Kurasa tisa zile zilituchukua asubuhi nzima. Palipoandikwa kuhusu malaika walicheka wote.

Katibu wa Tume

Je, rangi ya samawati hutolewa kwa kitu gani kwenye suti? Anayeuliza ni Mwenyekiti.


Karakana ya Milango na Mageti
11 Mei

Ndugu Katibu,

Shikamoo. Shangazi yuko juu ya paa la mteja, ameniachia nijibu.

Rangi ile haitoki. Tumejaribu kila kitu mgongoni mwa gauni la Shangazi, palipo na alama za mikono yangu tangu nilipomkumbatia. Ameamua kulivaa hivyo hivyo.

Mlango tuliung'oa tarehe 29 mwezi uliopita, kabla barua yako haijafika, kwa sababu Shangazi alisema akiusubiri uamuzi wenu atazeeka. Tulimkuta mdogo wa bweni la pili amesimama kwenye korido. Mama yake amepatikana, walikuwa wanasubiri gari. Alitutazama tunavyofungua bawaba. Mlango ulipotoka akaniuliza, "Sasa mtauweka wapi?" Nikamwambia kwenye stoo ya kweli, yenye vyuma. Akauliza kama kuna mtu atalala humo. Nikamwambia hapana. Akauliza kama nina hakika. Aliuliza maswali hadi gari lilipofika, na Shangazi, ambaye hapendi kuulizwa akiwa kazini, alimjibu yote.

Sasa kuhusu kutobadilisha kitu. Samahani, mmechelewa. Nilikuwa nimeshachomelea mshikio upande wa ndani. Ni kazi yangu ya kwanza ya kuchomelea peke yangu. Kama nimeharibu kielelezo niandikieni, naijua njia ya barua.

Shangazi ameukagua. Anasema umekaa upande, lakini unafungua.

Bisibisi